UZI: "Mtu wa polepole" mlimani ni mtu wa namna gani? Maana ya neno na namna ya kuutembea mwendo wenyewe

Msesewe_Moshi

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni kwa wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro au Meru, na zaidi kwa vijana wanaoanza kazi ya kuongoza wageni hapa Moshi na Arusha.

Neno "polepole" limeenea kila mahali. Liko kwenye fulana za watalii, kwenye mabango ya kampuni, na mgeni analijua kabla hajatua uwanja wa ndege wa KIA. Lakini muulize kijana aliyetoka mafunzoni juzi: polepole ni mwendo gani hasa? Atakwambia "ni kutembea taratibu". Taratibu kiasi gani? Hapo hana jibu. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu neno hili ndilo lenye usalama wa watu ndani yake.

Nianze na neno. Kamusi zetu huandika "polepole", neno moja, na ni kielezi. Mabango huandika "pole pole", na sina ugomvi nayo. Ninachotaka tukiangalie ni majina tunayompa mtu mwenyewe, maana tunayachanganya na mchanganyiko huo unaleta madhara.

Mtu wa polepole, au mtu wa taratibu, ni yule ambaye kasi yake ni ndogo lakini haikatiki wala haibadiliki. Saa ya kwanza na saa ya tano anaenda vilevile. Mpole ni habari ya tabia: hana fujo, hapandishi sauti. Mtu anaweza kuwa mpole sana na bado akatembea mbio. Mzito ni yule anayechelewa kuanza. Kuamka kwake kazi, kufunga begi kazi, kukaza viatu kazi, ila akishaingia njiani anaweza kuwa na mwendo mzuri kabisa. Goigoi hana nguvu wala hamu ya kazi. Mzembe nguvu anazo, ila hajali.

Sasa angalia msafara wowote juu ya kambi ya Mandara. Mtu wa mwisho kwenye mstari anaitwa goigoi, kwa Kiswahili, kwa imani kwamba haelewi. Siku hizi wageni wengi ni Watanzania wenzetu na Wakenya, wanaelewa kila neno. Lakini ubaya mkubwa hauko kwenye matusi. Ukishamwita mtu goigoi umeacha kumchunguza. Huulizi tena kwa nini yuko nyuma: ndio mwendo wake, au ameanza kuumwa?

Naomba wanaojua kazi hii waweke vipimo hapa. Kijana akisoma aweze kesho yake kuvitumia.

Mweka_Chini

Mkuu Msesewe umegusa penyewe. Naanza na kipimo kikuu, nacho ni pumzi. Saa na kilomita zinadanganya kwa sababu njia inabadilika, mwinuko unabadilika na mtu mwenyewe anabadilika. Pumzi inajumlisha yote hayo.

Msituni, kuanzia getini hadi kama mita 2,800, mtu aweze kuzungumza sentensi nzima bila kuikatisha. Akianza kutoa maneno matatu, anahema, matatu tena, aliye mbele anakwenda haraka.

Kuanzia 2,800 hadi 4,000, kwenye vichaka na nyasi, mdomo ufungwe. Atembee akivuta hewa kwa pua. Kwenye kipande kikali kufungua mdomo si kosa, lakini akilazimika kuufungua mahali palipo karibu tambarare, punguza mwendo mara moja.

Kati ya 4,000 na 5,000, hatua mbili kwa pumzi moja: vuta kwenye mguu wa kulia, toa kwenye wa kushoto.

Juu ya 5,000, kwenye changarawe za Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima, hatua moja kwa pumzi nzima. Unavuta ukiwa umesimama, unatoa ukisogeza mguu. Inaonekana kama mchezo ukiitazama kutoka pembeni, lakini ndiyo inayofikisha watu.

Hatua yenyewe iwe fupi. Kisigino cha mguu wa mbele kitue jirani na ncha ya kiatu cha nyuma. Kikizidi, kizidi kwa nusu kiatu. Watu warefu ndio wanaokosea hapa. Hatua ndefu inalifanya paja liinue mwili wote kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo ndio unaomaliza pumzi. Soli yote ikanyage chini. Anayepanda kwa vidole mashavu ya miguu yataanza kukaza kabla ya saa mbili kuisha.

Kwenye kipande kikali cha kupanda ongeza jambo moja. Kabla ya kuhamisha uzito kwenda mbele, nyoosha goti la mguu wa nyuma mpaka likaze. Kwa nusu sekunde uzito unakaa kwenye mfupa, msuli unapumzika. Nusu sekunde hiyo ikijirudia kila hatua kwa saa sita ni pumziko kubwa kuliko la kukaa juu ya jiwe.

Halafu kigezo cha mwisho, ambacho ndicho kinachotofautisha polepole na uchovu: polepole sahihi haihitaji kusimama. Msafara unaosimama kila dakika kumi kuhema haujaenda polepole. Umeenda haraka kwa vipandevipande. Fikiria lori lililobeba mzigo kwenye mlima wa barabara: linapanda kwa gia namba moja kutoka chini hadi juu bila kuzima, ndilo linalofika.

Kijenge_Juu

Swali kwa wakuu. Mtu mwenye mazoezi, anayekimbia kilomita 10 kila asubuhi pale Arusha na wala hahemi, naye anatakiwa aende kwa hatua za nusu kiatu? Haoni kama anapoteza nguvu kwa kujizuia?

Daktari_Njia

Kijenge_Juu, huyo ndiye wa kwanza kuangaliwa.

Mazoezi yanampa mtu miguu na moyo wenye nguvu. Hayampi kinga ya ugonjwa wa mwinuko. Mkimbiaji na mtu wa kawaida wana uwezekano uleule wa kuupata, na mkimbiaji ana hatari ya ziada: miguu yake inamruhusu kufika juu mapema kuliko mwili wake ulivyojiandaa.

Kwa ufupi kinachotokea ni hiki. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni karibu asilimia 21 pwani na asilimia 21 kileleni Uhuru. Kinachopungua ni msukumo wa hewa. Kambini Horombo, mita 3,720, msukumo ni karibu theluthi mbili ya ule wa pwani. Uhuru, mita 5,895, ni karibu nusu. Kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo.

Mwili unajibu kwa hatua. Kwanza unapumua zaidi, hata usingizini. Kupumua sana kunabadilisha kemia ya damu, na figo zinahitaji siku kadhaa kuirekebisha. Ndiyo maana mtu anayezoea vizuri hukojoa sana. Chembe nyekundu mpya za damu huchukua wiki, kwa hiyo kwenye safari ya siku saba usizitegemee.

Polepole haiongezi oksijeni hata kidogo. Inapunguza mahitaji. Misuli inayofanya kazi kidogo inaacha oksijeni kwa ubongo na kwa matumbo, ndiyo maana aliyetembea polepole anafika kambini akiwa na hamu ya kula. Aliyekimbia anafika na kichwa kinagonga, chakula hakishuki, na asiyekula leo kesho hana nguvu.

Arusha mjini ni kama mita 1,400 na Moshi iko chini zaidi. Kuishi hapa hakumwandai mtu kwa mita 4,700.

Kijenge_Juu

Asante sana daktari. Na wale wanaoupanda kwa kukimbia? Karl Egloff mwaka 2014 alipanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42.

Daktari_Njia

Ni kweli, na kabla yake Simon Mtuy, Mtanzania mwenzetu, alipanda na kushuka kwa chini ya saa 10. Lakini tazama ni watu gani. Egloff amezaliwa Quito, jiji lililo juu ya mita 2,800, na kazi yake ni kuongoza wapandaji kwenye milima mirefu. Mtuy ni mwongozaji wa Kilimanjaro. Miili yao ilikuwa imeshazoea mwinuko kabla hawajavaa viatu vya kukimbilia. Aliyetoka ofisini Jumatatu hawezi kulinganishwa nao.

Himo_Njiapanda

Naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa uzi. Tunalisifu neno polepole mpaka tunaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni siku.

Kanuni ya matabibu wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uweke usiku wa kutopanda. Sasa pima njia ya Marangu ya siku tano, kambi kwa kambi. Mandara 2,720. Horombo 3,720. Kibo Hut 4,720. Ni mita elfu moja, halafu elfu moja tena, na usiku uleule wa Kibo unaamshwa kwenda kileleni. Hapo unaweza kutembea polepole kuliko kinyonga na bado mwili haujapewa muda.

Kwa hiyo mtu akiniuliza njia na bajeti, namwambia: ongeza siku kabla hujaongeza kitu kingine chochote. Marangu ichukuliwe ya siku sita, usiku mbili Horombo. Siku ya katikati panda hadi Zebra Rocks, kama mita 4,000, kaa kidogo, rudi Horombo kulala. Njia ya Machame iwe ya siku saba, ulale kambi ya Karanga, usiruke kutoka kambi ya Barranco moja kwa moja hadi kambi ya Barafu. Uzuri wa njia za Machame na Lemosho ni siku ya Lava Tower: unafika kama mita 4,600 mchana, unakula, halafu unashuka kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Panda juu, lala chini. Lemosho ya siku nane ni bora zaidi kwa anayeimudu.

Hata kwenye Machame ya siku saba, kutoka Karanga hadi Barafu ni kama mita 680, bado inazidi kanuni. Tusiwadanganye watu kwamba mwendo unafidia siku zilizokatwa.

Mweka_Chini

Himo, nakubaliana nawe kabisa na hatupingani. Siku zinaujenga mwili, mwendo unaulinda usiharibiwe mchana. Mtu anaweza kulipia siku nane na akaziharibu zote kwa kushindana na wapagazi siku ya kwanza.

Na hili la wapagazi lisemwe wazi. Wagumu wanapita na mzigo wa kilo 20 kichwani kwa kasi, mgeni anaona aibu, anaongeza mwendo. Wale wana sababu: mahema yawe yamesimama na maji yawe yamechemka kabla msafara haujafika, na mlima wanaupanda mara kwa mara. Ukiwasikia nyuma, sogea upande wa mlima, kamwe usisogee upande wa korongo, simama, wapite, kisha anza tena kwa mwendo uleule uliokuwa nao. Usianze kwa kuwafuata.

Dada_wa_Majengo

Naongezea upande wa anayeongoza mstari, maana polepole ya kundi ni ngumu kuliko ya mtu mmoja.

Mtu wa polepole kuliko wote awekwe wa pili, nyuma tu ya mwongozaji. Asiwekwe mwisho. Akiwa mwisho kila pengo linaishia kwake. Mwongozaji msaidizi ndiye akae mkiani.

Mapengo yanatokeaje? Tuseme kuna kijito au jiwe la kupanda kwa mikono. Wa kwanza anapita, anaendelea na mwendo wake wa kawaida. Wa pili anasubiri sekunde tano, wa tatu kumi, wa nane zaidi ya nusu dakika. Aliye mbele hajaongeza kasi hata kidogo, lakini wa mwisho sasa yuko mita 30 nyuma na lazima akimbie kuziba. Akifika anahema, na kundi linaendelea. Jiwe lijalo hivyo hivyo. Kufika kambini wa mwisho amefanya kazi kubwa kuliko wa kwanza kwenye njia ileile, halafu tunasema "huyu goigoi".

Dawa yake ni rahisi: ukishavuka kikwazo, nenda nusu ya mwendo wako mpaka msaidizi wa mkiani aseme amevuka. Ukuta wa Barranco ndio mahali pa kulizingatia zaidi, maana vikwazo vinafuatana mfululizo na misafara inapandana.

Mapumziko: kila baada ya kama saa moja, dakika tano hadi kumi, mchana. Saa ya mapumziko ianze kuhesabiwa anapofika wa mwisho. Kosa la kila siku ni kundi la mbele kukaa dakika kumi, wa mwisho anawasili, na mwongozaji anasema "twende". Aliyehitaji kupumzika kuliko wote hakupumzika kabisa.

Na tafadhali, kumwambia mtu "polepole, polepole" mara mia kwa siku hakumfundishi kitu. Mpe mwendo mbele yake aufuate, mwonyeshe hatua, mhesabie pumzi. Baada ya nusu saa mwili wake unashika wenyewe.

Kijana_Sanya

Dada, mgeni akigoma? Anasema mwendo huu unamchosha, anataka kutangulia.

Dada_wa_Majengo

Kundi likiwa na wasaidizi wa kutosha unaweza kuwagawa wawili, lakini anayetangulia naye aongozwe na msaidizi mwenye mwendo wa pumzi. Ukiwa msaidizi mmoja tu, jibu ni hapana, na uliseme kwa heshima siku ya kwanza getini, kabla hajaanza kuzoea kutangulia. Mweleze sababu kwa namba kama alivyofanya daktari hapo juu. Watu wazima wanaelewa wakielezwa. Wanachokasirikia ni kuamrishwa.

Mweka_Chini

Nigusie usiku wa kileleni, maana ndipo neno linapopimwa.

Barafu ni kama mita 4,673 na Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, kama 5,756. Ni zaidi ya mita 1,080 za kupanda. Ukiondoka saa 6 usiku na kutaka kufika Stella karibu na mapambazuko, unahitaji mita 180 kwa saa, basi. Toka Barafu hadi Uhuru ni kama kilomita tano, na watu huzitembea kwa saa sita hadi nane. Yaani chini ya kilomita moja kwa saa. Kijana ambaye hajalifanyia hesabu hili ataondoka kambini kwa mwendo wa mchana na saa 8 usiku kundi lake limeshavunjika.

Nusu saa ya kwanza iwe ya polepole kuliko zote. Mwili umetoka kwenye joto la mfuko wa kulalia, tumbo limeamshwa saa 5, damu haijachangamka.

Mavazi: ondoka ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukiondoka na joto la kutosha, baada ya dakika 20 unatoka jasho, na jasho likipoa kwenye upepo wa mita 5,200 halina dawa. Jasho mlimani lina maana mbili tu, umevaa sana au unaenda haraka.

Kusimama usiku kusizidi dakika tatu hadi tano, na watu wasikae chini. Baridi inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, na anayekaa huanza kusinzia. Kila kituo, kitu kidogo kitamu mdomoni na mafunda mawili matatu ya maji. Ukinywa kwa mrija, puliza maji yaliyobaki yarudi kwenye mfuko wa maji kila baada ya kunywa, la sivyo mrija unaganda. Chupa iwekwe kichwa chini ndani ya soksi nzito, kwa sababu barafu huanzia juu. Ukiigeuza, mdomo wa chupa unabaki na maji. Betri za akiba za tochi ya kichwa zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Na hapa wengi wanaanguka: Stella. Mtu ameona ukingo, amefurahi, amepiga picha, anaanza kutembea haraka kwa sababu njia imelala. Bado kuna kama mita 140 za kupanda hadi Uhuru na karibu saa nzima ya njia. Rudisha hatua moja kwa pumzi moja. Kwa waliopitia Kibo Hut ni Gilman's Point, nao wana njia ndefu zaidi ya kuzunguka ukingo.

Daktari_Njia

Sasa nirudi kwenye hoja ya Msesewe ya kwanza kabisa, kwa sababu ndiyo inayoweza kuokoa mtu. Kuna polepole ya tabia na kuna polepole ya ugonjwa. Zinatofautishwaje?

Ya tabia haibadiliki. Mtu alikuwa wa polepole msituni, wa polepole Horombo, wa polepole Kibo. Anakula, anajibu, anatania, anakanyaga sawasawa. Huyo mwache na mwendo wake.

Ya ugonjwa ni badiliko. Jana alikuwa katikati ya mstari, leo yuko mwisho. Alikuwa mwongeaji, amenyamaza. Anajikwaa pasipo na jiwe. Anaangusha glovu na haoni. Kwa hiyo mwongozaji lazima ajue mwendo wa kila mtu tangu siku ya kwanza, na auandike kama anaweza. Bila hivyo hana cha kulinganisha.

Kuumwa kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida: huo ndio ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Usipandishe. Abaki hapohapo, anywe, ale, apumzike. Usipopungua, ashuke.

Anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, pengine makohozi yenye povu la rangi ya waridi: mapafu yanajaa maji. Ashuke sasa.

Amechanganyikiwa, au hawezi kutembea kwenye mstari akigusisha kisigino kwenye ncha ya kiatu kingine bila kuyumba: ubongo unavimba. Ashuke sasa, iwe usiku, iwe mvua, na asishuke peke yake. Kungoja kupambazuke ndiko kunakoua. Mita 500 hadi 1,000 za kushuka huleta tofauti kubwa. Oksijeni na dawa vinasaidia njiani, havichukui nafasi ya kushuka.

Kuhusu kipima oksijeni cha kidole: kidole kikiwa cha baridi namba inashuka bure. Pasha mkono joto kwanza, ondoa rangi ya kucha, subiri dakika moja. Na usiongozwe na namba peke yake. Mwenye namba nzuri anayeyumba anashuka. Mwenye namba ya chini anayekula na kucheka anaangaliwa kwa karibu.

Kijana_Sanya

Na Diamox, ile dawa ya kinga ya mwinuko, daktari?

Daktari_Njia

Inasaidia mwili kuzoea haraka kidogo. Kipimo cha kinga kinachotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha na mkojo utaongezeka. Mwenye mzio wa dawa za salfa na mwenye matatizo ya figo aseme mapema. Amwone daktari mjini, aijaribu nyumbani kabla ya safari. Isitolewe na mwongozaji mfukoni, na haimpi mtu ruhusa ya kukimbia.

Maji pia tusiyatie chumvi. Lita tatu hadi nne kwa siku zinatosha wengi, pamoja na chai na supu. Mkojo wa manjano hafifu ni dalili nzuri. Kujilazimisha lita saba kunashusha chumvi ya damu, na dalili zake zinafanana na za mwinuko.

Kijenge_Juu

Kwa sisi wa Arusha, Meru inafaa kujifunzia mwendo?

Himo_Njiapanda

Inafaa sana, ila iheshimu. Toka geti la Momella, kama mita 1,500, unalala Miriakamba 2,514, kisha Saddle Hut 3,570, kisha kilele, 4,566. Nayo ina miruko ya mita elfu, kwa hiyo siku nne ni bora kuliko tatu. Mchana wa pili ukifika Saddle mapema panda Meru Ndogo, urudi kulala.

Kuna tofauti moja: sehemu ya chini unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Pale hakuna wa kutangulia wala wa kubaki nyuma. Msafara wote unakuwa na mwendo wa mtu wa polepole kuliko wote, upende usipende, na ndiyo shule nzuri kuliko zote. Kutoka Rhino Point kwenda juu kuna mawe ya kuparamia na ukingo mwembamba. Pumzi ikikuishia hapo, mguu unakosa shabaha.

Msesewe_Moshi

Nashukuru wakuu, uzi umeshiba. Kuhusu majina, mnaonaje: kijana amwambie nini mtu wa mwisho kwenye mstari? Nimesikia "kobe", "mzee wa mdogomdogo", "jongoo".

Dada_wa_Majengo

Kobe na jongoo yaachwe. Hata yakisemwa kwa upendo, mtu amechoka, yuko mbali na kwao, na anajilinganisha na wenzake kila hatua. "Mdogomdogo" ni sawa kwa sababu linataja mwendo na halimtaji mtu. "Taratibu hivyohivyo" ni zuri zaidi, kwa kuwa linamwambia asibadilishe. Usimwambie "kaza", wala "jitahidi, tumebakiza kidogo". Ukisema kidogo na bado kuna saa mbili, hatakuamini tena utakapomwambia jambo la maana.

Na mbele ya kundi mtambulishe hivi: "Huyu ndiye anayetupangia mwendo leo." Ni kweli tupu, kwa kuwa yuko wa pili kwenye mstari.

Mweka_Chini

Niongeze la kushuka, limesahaulika na ndiko magoti yanakofia. Siku ya kilele wanaopita Barafu hutoka 5,895 hadi kambi ya Mweka, kama 3,100. Ni karibu mita 2,800 za kushuka kwa siku moja, baada ya usiku bila usingizi. Polepole ya kushuka ni hii: hatua fupi, goti likunjwe kidogo muda wote lisikazwe, fimbo zirefushwe kama sentimita tano hadi kumi kuliko za kupandia, na zitangulie kabla ya mguu. Kaza kamba za kiatu kwenye kifundo ili kidole kisigonge mbele, na kucha zikatwe siku mbili tatu kabla ya safari, siyo asubuhi ya geti.

Kwenye changarawe chini ya Stella utaona watu wanateleza kwa kukimbia, vumbi juu. Mwenye magoti mazuri anaweza, kama hakuna wanaopanda chini yake. Aliyekuwa na kichwa kinachouma asifanye, ashikwe mkono na msaidizi mpaka Barafu, ale, alale saa moja, halafu ndipo aendelee na Mweka.

Kijana_Sanya

Saa moja ya kulala Barafu si nyingi kwa mwenye kichwa?

Daktari_Njia

Kama kichwa kimepungua tangu Stella, saa moja inatosha na wala usiizidishe, kwa sababu bado yuko juu ya mita 4,600. Kama hakijapungua, asilale kabisa. Supu, maji, aendelee kushuka.